Ile "Dkt." niliyojipa kabla ya joho

Juzi usiku msomaji mmoja wa Kimara ameniandikia: "Shikamoo dada. Kamati ya harusi imekwama. Mchumba wangu amemaliza shahada ya uhandisi mwaka jana, hajasajiliwa popote, lakini baba mdogo anataka kadi imwandike Mhandisi. Mwenyewe anaona aibu. Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Huyo mwenye aibu ana akili kuliko kamati nzima, usimwache. Jibu lako lipo, ila ngoja kwanza nikusimulie ya kwangu, maana jambo hili limewahi kunichoma.

Nilitetea tasnifu yangu siku ya Ijumaa. Miaka sita ya kuamka saa kumi alfajiri siisimulii leo. Jopo likasema nimefaulu, kwa sharti la masahihisho. Mimi nikasikia "nimefaulu" tu, hayo mengine yakapita na feni. Jumatatu nikashuka Kariakoo kuchapisha kadi za biashara 200, maandishi ya dhahabu: Dkt., jina langu, halafu PhD, na nyuma yake nikapanga MA na BA zisije zikaona wivu.

Wiki mbili baadaye nikaalikwa kutoa mada kwenye hoteli moja Posta. Nikagawa kadi kama pipi. Mzee mmoja, profesa mstaafu, akavaa miwani, akaisoma taratibu, akaigeuza nyuma ambako hakuna kitu, akairudisha mbele.

"Hongera mwanangu. Umetunukiwa lini?"

"Mahafali bado, Profesa."

"Ahaa. Na huyu Dkt. na huyu PhD ni watu wawili?"

Meza nzima ikacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mwenzangu tuliyeanza naye masomo siku moja, ambaye hata pendekezo lake la utafiti lilikuwa halijapita. Nimemsamehe. Kusahau ndiyo sijasahau.

Kadi zilizobaki zimo kwenye boksi la viatu, wanangu wanafanyia hesabu upande ule mweupe.

Najua wewe unayesoma hapa nawe unaitaka hiyo Dkt., usinifiche. Basi isubiri. Shahada ni yako siku unapotunukiwa, siyo siku jopo lilipokupa mkono. Kabla ya hapo wewe ni mwanafunzi wa uzamivu, na si tusi. Ukishaipata, chagua: Dkt. mbele au PhD nyuma, moja inatosha. Ukiwa nayo hiyo, BA na MA ziache kwenye wasifu wa kazi. Profesa nayo si shahada, ni cheo ambacho chuo humpandisha mtu baada ya kufundisha na kuchapisha.

Kwa shemeji yetu: uhandisi wa kwenye cheti na Mhandisi wa kwenye jina ni vitu viwili. Katikati yake ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ndivyo ilivyo kwa wanasheria pia. Mwenye shahada ya sheria bado ana Shule ya Sheria pale Sam Nujoma, kisha aapishwe na Jaji Mkuu, ndipo aitwe Wakili. Na CPA(T), ile sifa ya mhasibu aliyethibitishwa, haiji na shahada ya uhasibu hata ukipata daraja la kwanza. Ina mitihani yake na usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu.

Mtaniuliza za heshima. Rais Samia alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Novemba 2022, na tangu hapo tunasikia "Dkt. Samia" kila taarifa ya habari. Kwa viongozi desturi yetu imeshakubali. Wewe uliyepewa cheti na chuo kisicho na hata jengo, ukalipia na joho, usijifiche nyuma ya Rais. Nyerere alikuwa na shahada ya MA ya Edinburgh tangu 1952 na vyuo vikampa udaktari wa heshima juu yake, akabaki na jina alilolitoa darasani Pugu: Mwalimu.

Mji huu una njaa ya vyeo, ndugu zangu. Nimekaa kikao cha michango Sinza chenye waheshimiwa kumi na wawili, mbunge hata mmoja hayumo. Tuwe na haya! Mtu asome, avumilie, aitwe na wenzake.

Mimi nilitunukiwa, joho nikavaa, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sasa mlinzi wa getini kwetu ananiita Dokta, na kila asubuhi ananiuliza dawa ya mgongo.

Yule binti amenijibu mchana huu. Baba mdogo amekubali kuondoa Mhandisi. Anauliza tu kama yeye mwenyewe anaweza kuandikwa Alhaji, maana Umra amekwenda mara mbili.