Maswali ya Gereji: Beringi za ekseli ya nyuma kwenye Land Rover 110 na wenzake

SWALI: Ndugu mafundi, nina Land Rover 110 ya mwaka 1992, injini 200Tdi, inayobeba mizigo kati ya Karatu na Mbulu. Nyuma inaunguruma kuanzia kilomita 50 kwa saa. Fundi mmoja anasema ni difu, mwingine anasema ni beringi. Nitajuaje kabla sijamwaga pesa?
*Msomaji, Karatu*

JIBU: Usikubali difu (gia za katikati ya ekseli) ifunguliwe bado. Difu iliyochoka hubadilisha sauti kufuata mguu wako wa mafuta: ukikanyaga inalia hivi, ukiachia inalia vingine au inanyamaza kabisa. Beringi haijali mguu. Inafuata mwendo wa gurudumu na uzito ulioegemea upande wake. Tafuta lami iliyo wazi, nenda kilomita 50 au 60 kwa saa, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na mlio ukipanda hapo, mshuku gurudumu la kulia. Mlio unaobadilika pale tu unapotoka lami na kuingia changarawe ni wa tairi.

Kisha inua gurudumu, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likipwaya, mwambie mwenzako akanyage breki. Kupwaya kukikoma, kasoro ipo kwenye beringi. Kukiendelea hata breki ikiwa imekanyagwa, kagua bolti zinazofunga stabu (ncha isiyozunguka ambayo gurudumu linakaa juu yake) kwenye ekseli, na bushi za mikono ya ekseli.

Kipimo cha uhakika kuliko vyote hakina gharama. Kwenye 110 uzito wa gari unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu) iliyokaa juu ya stabu, na hafu shafti (chuma kirefu kinachotoka kwenye difu hadi gurudumu) kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo gurudumu likiwa hewani unaweza kufungua bolti tano za kichwa cha 17 katikati ya habu, ukaichomoa hafu shafti nzima, na gurudumu likabaki limeshikwa na beringi zake peke yake. (Kwanza soma kwenye jibu linalofuata jinsi ya kulizuia gari lisitembee.) Lizungushe kwa mkono mmoja, wa pili uweke kwenye bati la breki. Beringi nzima inapita kimya. Iliyoliwa utaisikia vidoleni, inasaga kama mchanga kwenye jiwe la kusagia.

SWALI: Nimethibitisha kuwa ni beringi. Nataka kubadilisha mwenyewe, pande zote mbili. Ninunue nini na nianzie wapi? Gari ni 110 yenye breki za ngoma nyuma, na huku kwetu hakuna spana ya kupimia mkazo.
*Msomaji, Marsabit*

JIBU: Kwa ekseli nzima unahitaji beringi nne, za ndani na za nje zikiwa aina moja. Namba ya Land Rover ni RTC3429, na dukani ukikosa kwa namba hiyo, taja koni (sehemu ya ndani yenye rola) LM603049 na kikombe (pete ya nje) LM603011: tundu la milimita 45.24, kipenyo cha nje 77.79. Namba hizo huchongwa kwenye chuma chenyewe, koni na kikombe kila kimoja na yake. Boksi zuri lenye beringi isiyo na namba, au namba iliyofifia kama ya mhuri wa wino, liache dukani. Usichanganye koni ya kampuni moja na kikombe cha nyingine hata kama vinaingiana.

Nunua pia sili za habu (pete za kuzuia oili na grisi zisivuje), na uende na za zamani mkononi kwa sababu matoleo yanatofautiana: mengine yana sili ya ndani tu, mengine ya ndani na ya nje. Wosha mpya za kukunja mbili, gasketi za karatasi mbili, grisi ya lithiamu ya EP2 nusu kilo, oili ya EP90 lita moja ya kujazia, na gundi ya kuzuia bolti zisilegee. Kifaa kimoja hakina mbadala: spana boksi ya milimita 52. Nati hizi zikigongwa kwa tindo zinameguka, na vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Kabla ya jeki, soma hapa mara mbili. Breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye transfa (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma) kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, au ukichomoa hafu shafti moja, difu ya nyuma inazunguka bure na gari linaweza kuondoka huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka gia nzito, funga difuloki (kifungio cha difu ya katikati) mpaka taa yake iwake, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Ekseli ikae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Fanya upande mmoja kwanza. Upande huo ukiwa juu, oili inakimbilia upande wa pili na hutamwaga nyingi.

Toa gurudumu, legeza virekebishi vya breki ili viatu virudi ndani, fungua skrubu ya ngoma, vuta ngoma. (Kwenye gari la diski utafungua kalipa na kuitundika kwa waya, isining'inie kwenye bomba lake.) Fungua zile bolti tano, chomoa hafu shafti. Utaona nati mbili na wosha iliyokunjwa katikati yake. Nyoosha wosha, fungua nati ya nje, toa wosha, fungua nati ya ndani, toa na wosha nene ya nyuma yake. Vuta habu huku kidole gumba kikiizuia beringi ya nje isidondoke mchangani.

Kabla ya kung'oa sili, pima imezama kiasi gani ndani ya habu na uandike, maana mpya itakaa hapo hapo. Vikombe vya zamani vigonge kwa ndani kwa kipande cha shaba nyeupe, kidogo huku kidogo kule, vitoke bila kupinda. Osha habu kwa dizeli, kausha kabisa. Vikombe vipya vikilala kwenye friza usiku mmoja vitaingia bila ugomvi. Vigongee kwa kikombe cha zamani ulichokinoa kidogo ukingoni na kukipasua kwa msumeno, kisije kikanasa humo. Sikiliza nyundo: mlio mzito unapogeuka kuwa mkali wa chuma kwa chuma, kikombe kimefika chini. Hapo acha.

Grisi isukumie kwa kiganja: gonga ukingo mpana wa koni kwenye grisi mpaka uione ikichomoza juu, kati ya kila rola na jirani yake. Koni moja inachukua dakika tatu hivi. Kupaka kwa nje kama siagi hakufikii ndani. Tundu la habu lipake tabaka la wastani tu, kwani likijazwa pomoni grisi inapata moto na kusukuma sili.

Weka beringi ya ndani, gongea sili mdomo wake ukitazama beringi, paka mdomo huo grisi, rudisha habu, beringi ya nje na wosha nene. Sasa kuna marekebisho, na hapa ndipo beringi nyingi mpya huuawa. Kaza nati ya ndani hadi Nm 61 (Nm, nyutoni mita, ni kipimo cha mkazo) huku ukizungusha habu, ili rola zikae sawa. Irudishe nyuma robo mzunguko. Ikaze tena, safari hii Nm 4 tu. Weka wosha mpya ya kukunja, kisha nati ya nje kwa Nm 61, na hakikisha ya ndani haikugeuka. Kunja kipande kimoja cha wosha juu ya nati ya ndani na cha upande wa pili juu ya nati ya nje.

Kama huna spana ya mkazo, tumia mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Funga fimbo ya spana boksi ili umbali kutoka katikati ya nati hadi ndoano uwe sentimita 60, vuta kwa pembe mraba mpaka mizani isome kilo 10.4, na hapo umepata Nm 61. Kwa Nm 4, fimbo ya sentimita 20 ikilala tambarare na kilo mbili za sukari zimening'inia mwishoni zinatosha kabisa, na ukizijaribu mara moja utaona mkazo wenyewe ni mdogo kiasi gani. Bolti tano za hafu shafti ni Nm 65, yaani kilo 11 kwenye sentimita 60, zikiwa safi na tone la gundi.

Rekebisha breki, hamia upande wa pili, kisha gari likiwa tambarare ongeza oili kwenye difu hadi tundu la kujazia. Ekseli ya Salisbury, ile yenye kifuniko cha mviringo cha bolti kumi, huchukua lita 2.3 ikiwa tupu. Endesha kilomita 50 ukitumia breki kidogo, simama, gusa habu zote mbili. Uvuguvugu ni sawa. Isiyoshikika ikilinganishwa na mwenzake imekazwa kupita kiasi, irudie leo hii. Baada ya kilomita 500 inua tena uangalie kama inapwaya.

SWALI: Beringi nilizofungiwa gereji zilikufa ndani ya wiki tatu. Zimetoka zikiwa na rangi ya buluu. Je, ni feki?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Inawezekana, lakini rangi ya buluu ni alama ya joto, na joto la namna hiyo mara nyingi huletwa na nati iliyokazwa kwa nguvu za mkono bila kurudishwa, au koni iliyofungwa bila grisi ndani. Sababu ya tatu ni uvivu: koni mpya zinawekwa juu ya vikombe vya zamani kwa kuwa kuving'oa ni kazi. Rola mpya kwenye njia iliyokwisha kuchimbika haziwezi kudumu. Uliza kama vikombe vilibadilishwa.

Kagua na stabu. Koni huteleza juu yake kwa mkono, hivyo mikwaruzo midogo ni ya kawaida. Lakini ukucha ukizama kwenye mfereji, au koni ikicheza juu yake, badilisha stabu, la sivyo utanunua beringi kila msimu. Rimu zilizotokeza nje sana nazo zinaumiza, kwa sababu zinaongeza nguvu inayoipinda habu.

Zingekuwa na vidoa vya kutu badala ya buluu, tungesema ni maji. Habu yenye moto ikizama ghafla kwenye mto, hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Simama dakika kumi kabla ya kuvuka.

SWALI: Sili mpya zinavujisha oili hadi kwenye viatu vya breki. Nimebadilisha mara mbili!
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Acha sili kwanza, tafuta kipumulio cha ekseli: kibomba chembamba kinachoanzia juu ya ekseli. Vumbi la tope likikiziba, oili inayopata moto haina pa kupumulia, na inatafuta njia kwenye sili. Kizibue, pulizia kwa mdomo uone hewa inapita. Kisha angalia kama difu haikujazwa gari likiwa limeinama. Hivyo viwili vikiwa sawa, pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapokaa. Ukihisi mfereji, sili ya tatu nayo itavuja. Viatu vilivyolowa oili tupa. Kuvichoma moto au kuviosha kwa petroli hakurudishi breki.

SWALI: Nina Suzuki Sierra kuukuu. Je, beringi za nyuma zinabadilishwa vivyo hivyo?
*Msomaji, Nanyuki*

JIBU: Hapana. Kwenye Sierra hafu shafti yenyewe inabeba uzito, na beringi imebanwa juu yake kwa presi pamoja na pete ya chuma inayoizuia. Hakuna nati ya kurekebisha. Unatoa ngoma, unafungua bomba la breki na kebo ya breki ya mkono kama ipo hapo, kisha nati nne za bati la breki, na shafti inatoka pamoja na bati. Pete inoe kwa grainda mpaka ibaki ngozi nyembamba, halafu ipasue kwa tindo; grainda ikigusa shafti, shafti imekwisha. Beringi inatoka na kuingia kwa presi, na presi isukume mduara wa ndani tu.

Pete ya zamani hairudi kamwe, kwa kuwa ndiyo inayoizuia shafti isichomoke na gurudumu ukiwa mwendoni. Na kabla presi haijashuka hakikisha bati la breki limeshavikwa kwenye shafti, kwani ukilisahau itabidi upasue pete mpya na ununue nyingine. Weka sili mpya kwenye mdomo wa ekseli, funga, toa hewa kwenye breki.

SWALI: 110 yangu ni Td5 (injini iliyokuja baada ya zile za Tdi). Nimefungua na kukuta nati moja tu. Kuna kilichopotea?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Hakuna. Miundo ya enzi za Td5 ina kipande cha kutenganisha beringi mbili na nati moja ya Nm 210, ambayo ukingo wake hugongwa ndani ya mfereji wa stabu. Nati hiyo ni ya kutumika mara moja. Ule mkazo wa Nm 4 hauhusiki kwako, kwani nafasi ya beringi inatokana na unene wa kile kipande. Vipo vya unene tofauti, kwa hiyo baada ya kufunga pima, na gurudumu likipwaya au likishika, badilisha kipande, usicheze na nati.