Visima vyote vimehamia kusini: GPS mbovu au ramani?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni afisa mipango wa halmashauri mkoani Dodoma. Nimechukua vituo vya maji kwa GPS ya simu na kuviweka katika QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000 tuliyoiskani. Vyote vimeangukia kusini ya vijiji vyake, karibu mita 300. Je, simu ni mbovu? Naweza kuvisogeza kwa mkono?

JIBU: Usivisogeze, na simu yako haina kosa. GPS ikikosea, nukta hutawanyika huku na huku. Zako zimehama zote upande mmoja, umbali uleule. Hiyo ni datamu, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutokea hapo.

Simu hurekodi kodineti (namba za mahali) kwa WGS 84, datamu ya dunia nzima. Ramani zetu za zamani, kama za Kenya na Uganda, zilichorwa kwa Arc 1960, datamu ya zamani ya Afrika Mashariki. Mahali pamoja pana namba tofauti katika mifumo hiyo miwili, na tofauti yenyewe ni kama mita 300, nyingi kwenda kusini, kidogo mashariki. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu. Lakini Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mwananchi apate maji ndani ya mita 400; ukichora duara la mita 400 kuzunguka kisima kilichohama, utahesabu kaya zisizo na maji kuwa zinayo, na zenye maji utaziacha nje.

Bila shaka ramani uliifunga mahali pake kwa namba za gridi zilizochapwa pembeni. Basi iambie programu kwamba namba hizo ni za Arc 1960: chagua EPSG (namba ya utambulisho wa mfumo wa kodineti) 21036 kwa kanda ya 36 kusini, 21037 kwa ya 37; kanda ni ukanda wa gridi wenye upana wa nyuzi 6 za longitudo. Leya (tabaka) ya visima iache EPSG 4326, yaani WGS 84. QGIS italinganisha yenyewe. Ikikuuliza njia ya kugeuza, chukua ya Tanzania, yenye −175, −23, −303 (mita za kusogeza katika mihimili mitatu). Wengi hukwama hapa: huibandika leya ya visima jina la Arc 1960 wakidhani wameigeuza. Lebo imebadilika, namba ni zilezile.

Angalia kanda pia, maana longitudo 36 inaukata mkoa wenu. Dodoma mjini ni kanda ya 36, Mpwapwa ya 37. Ukizichanganya, ramani ya Mpwapwa utaikuta Katavi. Afadhali kosa hilo, linajitangaza lenyewe.

Kisha hakiki kwa kitu kisichohama, mathalani daraja au stesheni ya zamani ya Reli ya Kati. Majina ya vijiji usiyaamini sana: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu wengi, na huenda karatasi yako ni ya kabla ya hapo. Kijiji kimoja kikibaki kando peke yake baada ya marekebisho haya, usiiguse datamu tena. Muulize mwenyekiti wa kijiji walihamia lini.