Baiskeli ya tairi moja yenye cheni: hesabu meno kabla ya kukata bomba

Baiskeli yangu ya kwanza ya tairi moja ilikuwa ya inchi 20, zile za sarakasi. Pedeli zake zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya tairi, kwa hiyo mguu ukizunguka mara moja, tairi nalo linazunguka mara moja. Hapo umesogea mita 1.6 tu. Ukikanyaga mizunguko 80 kwa dakika, hujafika hata kilomita 8 kwa saa. Kwenye kimlima cha kwetu mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinipita, akageuka kidogo, akasema, "Pole mwanangu."

Siku hiyo ndipo nilipoamua kutengeneza ya kwangu. Nayaandika haya kwa sababu nimeharibu vyuma vingi, na wewe huna haja ya kuharibu vilevile.

Njia za kuongeza mwendo ni mbili: kukuza tairi au kuweka gia. Waingereza wa karne ya 19 walianza na ya kwanza. Zile baiskeli zao zenye gurudumu kubwa mno la mbele zilikanyagwa kwenye ekseli yenyewe, na ukubwa wa gurudumu uliishia pale urefu wa mguu wa mpandaji ulipoishia. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, magurudumu ya wastani na cheni ya kupeleka nguvu nyuma, na yale makubwa yakaanza kupotea barabarani. Lakini hesabu yao ilibaki. Chukua inchi za tairi, zidisha kwa meno ya sproketi ya mbele (lile gurudumu la meno linaloshika cheni), gawanya kwa meno ya ile ya nyuma. Jibu ni ukubwa wa tairi ambalo miguu yako itajiona inalikanyaga.

Siku hizi zipo tairi za inchi 36 za baiskeli ya gurudumu moja, na yupo Mswisi, Florian Schlumpf, aliyetengeneza habu, yaani kitovu cha tairi, yenye gia ndani inayobadilishwa kwa kugonga kitufe kwa kisigino ukiwa unaendelea kukanyaga. Ukiwa na fedha, nunua na usisome zaidi. Mimi nilikuwa na Phoenix kuukuu, tairi la inchi 28, na fundi wa kuchomelea anayenidai hadi leo.

Kosa la kwanza lilikuwa tamaa. Nilichukua sproketi zilezile za Phoenix yangu, meno 44 juu kwenye pedeli na 18 chini kwenye tairi. Piga ile hesabu: inchi 68. Yaani nilikuwa nataka kusawazisha mwili wangu juu ya gurudumu lenye kimo cha mtu mzima. Kwenye baiskeli ya kawaida gia hiyo ni nyepesi tu, kwa sababu tairi mbili zinakushikilia huku wewe unasukuma. Kwenye tairi moja, mguu ndio unaokushikilia. Kila unapoanza kuanguka mbele lazima usukume tairi likuwahi, na kwa gia ile kila kilo moja ya msukumo barabarani ilinitaka zaidi ya kilo tano kwenye pedeli. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, tairi likasogea kidogo kwa uvivu, nami nikawa tayari niko chini.

Nikatafuta kwenye lundo la vyuma vya mitumba sproketi ya meno 28, nikaweka 20 chini. Sasa ni kama inchi 39, na kilo tano zile zikashuka hadi tatu hivi. Mzunguko mmoja wa mguu unanipeleka mita 3.1, na kwa mizunguko 80 nafika kilomita 15 kwa saa. Ushauri wangu: meno ya juu yasizidi mara moja na nusu ya yale ya chini. Ukiona ni ndogo mno, panda miezi mitatu kwanza, halafu tuongee.

Kosa la pili nalikumbuka kwa goti. Baiskeli hii haitaki friweli, ile sproketi ya nyuma inayozunguka bure ukirudisha mguu. Lazima mguu na tairi viende pamoja mbele na nyuma, kwa sababu kurudisha nyuma ndiyo breki na ndiyo mizani. Nikampelekea fundi friweli aichomelee isizunguke. Akaigeuzageuza mkononi.

"Dogo, hii umeifunga kwa nyuzi za skurubu kwenye habu?"

"Ndiyo, kaka."

"Ukikanyaga mbele inajikaza. Ukirudisha je?"

Nikamwambia ichomelee tu. Siku ya pili, nikishuka kwenye kona na kubana kurudi nyuma, nikasikia mguu umekuwa mwepesi ghafla. Friweli ilikuwa inajifungua kwenye nyuzi zake taratibu, na mimi niko juu yake. Nilimrudia nikichechemea. Hakusema kitu, alinivutia stuli tu.

Kilichotuokoa ni habu ya breki ya diski. Ina matundu sita ya bolti ambayo kazi yake ni kushika diski, na diski hubanwa kwa nguvu kubwa kuliko unavyodhani. Fundi wa kukereza alitoboa sproketi ya meno 20 ikalingana na yale matundu sita, tukafunga bolti. Diski kwa kawaida huwa kushoto na sproketi yangu ya juu iko kulia, basi tukaligeuza tairi zima. Halijali linakokwenda.

Sasa cheni yenyewe. Watakuambia uweke kile kikono cha springi cha baiskeli za gia kikukazie cheni. Usiweke. Ukikanyaga mbele, upande wa nyuma wa cheni ndio unaovuta, na ule wa mbele unalegea, kwa hiyo springi hukaa mbele. Lakini ukibana kurudi nyuma, mbele ndiko kunakokaza. Springi inakubali, mguu unapita kwenye utupu kwa nukta moja, na nukta hiyo inatosha kukulaza. Cheni ikazwe kwa kuisogeza ekseli ya tairi: kata mfereji wa wima kwenye ncha za uma (ile miguu miwili ya fremu inayoshika tairi), weka zile skurubu za kukazia cheni zinazouzwa kwa baiskeli yoyote. Mimi huishika cheni katikati kwa vidole viwili. Ikicheza zaidi ya unene wa kidole, nakaza. Halafu vuta uzi kutoka sproketi ya juu hadi ya chini uone kama zimenyooka, kwa sababu cheni ikiruka hapa hupotezi mwendo tu, unapoteza kitu cha kusimamia.

Kuhusu fremu: usiufanye mwembamba mguu wa kulia wa uma. Nina kilo 70. Nikisimama kwenye pedeli ya sentimita 16.5, sproketi ya meno 28 inaivuta cheni kwa zaidi ya kilo 200, na mzigo wote huo uko upande mmoja. Uma wangu wa kwanza ulikuwa wa bomba jembamba, tairi likawa linalala kulia kila nikikanyaga na kusugua chuma. Mtu aliye nyuma yangu angedhani navuta kitanda. Tumeweka skwea paipu nene na kipande cha kuunganisha miguu miwili juu kidogo ya tairi.

Na kimo. Ekseli ya pedeli lazima ipite juu ya tairi, kwa hiyo kwangu iko sentimita 77 kutoka chini, na kiti kinakaribia mita moja na nusu. Kupanda, naegemea nguzo na kukanyaga tairi. Kushuka, narukia nyuma huku mkono mmoja umeshika kiti, na hilo nililifanyia mazoezi kwenye nyasi kabla ya kuigusa lami. Nyumbani, mke wangu alihamisha kamba ya kuanikia nguo baada ya shuka lake jeupe kunipitia usoni na kutoka na grisi. Sasa iko nyuma ya jiko, na mimi naingilia geti la mbele.