Boga Moja, Masomo Yote: Ushauri kwa Walimu Wenzangu Kuhusu Oktoba Katika Shule za Marekani

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana, mzaliwa wa Mbeya, ambaye ameajiriwa mwaka huu katika shule ya msingi huko Kentucky. Aliandika hivi: “Shikamoo Mwalimu. Mkuu wa shule ametutaka kila darasa liwe na shughuli za Halloween mwezi huu. Katika darasa langu wamo watoto wa Kiislamu, watoto wa walokole na watoto wa Mashahidi wa Yehova, na baadhi ya wazazi wameshaniambia kwamba siku hiyo hawatawaleta shuleni. Nifanye nini?” Halloween ni sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo watoto huvaa mavazi ya kuigiza, mengi ya kutisha. Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake ni la wengi wetu tunaofundisha nchini humu, kwa hiyo naomba nilijibu hapa kwa kirefu, hasa kwa kuwa limenifikia siku chache tu baada ya maonyesho ya darasa langu ambayo, namshukuru Mungu, yalifana kuliko yote niliyowahi kuyaandaa.

Nafundisha darasa la nne mjini Des Moines, katika jimbo la Iowa. Jioni ile ya maonyesho wazazi walijaa hadi wengine wakasimama kwenye korido. Yupo baba mmoja, mtu wa swala tano, ambaye miaka yote alikuwa akiwazuia watoto wake nyumbani ifikapo mwisho wa Oktoba. Jioni hiyo alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaungana na binti yake kuzungusha uzi kwenye boga na kusoma vipimo kwa sauti. Mkuu wa shule alisimama kando yao muda mrefu bila kusema neno, kisha kesho yake akaniomba niandae mafunzo kwa walimu wenzangu wa wilaya nzima. Nalisema hili kwa fahari, wala sioni sababu ya kuificha, kwa sababu njia ya kufika hapo haikuwa nyepesi.

Katika shule niliyoanzia kazi, utaratibu ulikuwa tofauti. Mchana wa tarehe 31 Oktoba, watoto ambao wazazi wao hawakuafiki sherehe walitolewa darasani, wakapelekwa maktaba na kupewa karatasi za kupaka rangi, huku wenzao wakila keki na kuandamana na mavazi yao kwenye ukumbi. Waliotolewa walikuwa karibu wote watoto wetu: Wasomali, Wakongomani, Warundi. Niliagizwa niwasindikize, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mimi na wao ni wamoja. Nilipopendekeza kwamba tungeweza kupanga masomo ambayo kila mtoto angebaki nayo, niliambiwa kwamba mimi bado mgeni na siielewi sikukuu yenyewe. Niliumia, na sitadanganya kwamba maumivu hayo yameisha. Lakini ndiyo yaliyonifanya nisome juu ya msimu huu kwa bidii kuliko wengi waliozaliwa nao.

Nilichojifunza ni kwamba Halloween imepandwa juu ya jambo kubwa zaidi, nalo ni mavuno na kuingia kwa majira ya baridi. Waselti, watu wa kale wa Ireland na Scotland, waliadhimisha mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya giza ya mwaka. Baadaye Kanisa likaweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na desturi hizo mbili zikachanganyika. Wahamiaji wa Ireland na Scotland walipomiminika Marekani katika karne ya 19, walikuja na desturi ya kuchonga nyuso kwenye tanipu, mboga ya mzizi, lakini huku wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchongeka. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuheshimu msimu bila kumlazimisha mtoto yeyote kusherehekea ana mlango wazi: achukue vitu vya msimu wenyewe, yaani boga, jani, popo na siku zinazofupika, kisha avipitishe katika masomo yote. Ushauri wangu wote umo humo. Chagua kitu kimoja, kipitishe kwenye hisabati, sayansi, jiografia na lugha, na usiandae shughuli yoyote ambayo itamtoa mtoto hata mmoja nje ya mlango.

Mimi huanza na boga kabla Oktoba haijafika. Nyuma ya shule yetu tuna tuta dogo la bustani, na mwishoni mwa Septemba, kabla ya baridi kali kuyaunguza, majani ya maboga bado ni mabichi. Mwaka huu nilipowapeleka watoto kuyachora, msichana mmoja aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ambaye kwa kawaida hasemi darasani, alichuma jani, akavunja ncha ya kikonyo, akavuta taratibu zile nyuzi za nje mpaka zikachomoka zikiwa ndefu na nyembamba kama uzi wa kushonea. Kisha akawaeleza wenzake, kwa Kiingereza chake cha kujifunza, kwamba usipozitoa hizo zinakwama kooni. Watoto wa Kimarekani hawakuwa wanajua kwamba majani ya boga yanaliwa. Walimzunguka, kila mmoja akitaka afundishwe kumenya. Nilikulia Muheza, nikila msusa, yaani majani hayo hayo ya maboga, kwa nazi mwaka mzima, lakini sikusema kitu. Somo lile lilikuwa lake.

Kutoka hapo jiografia na historia zilijileta zenyewe. Boga ni mmea wa asili ya bara la Amerika, na lilivuka bahari baada ya safari za Columbus pamoja na mahindi na mihogo. Watoto walichora ramani ya safari hizo kwa mishale, na ilikuwa furaha kubwa kuona mtoto wa Kikongomani akigundua kwamba ugali na sombe, yaani kisamvu, anavyokula kwa bibi yake vimetokana na mimea ya bara hili analoambiwa kila siku kwamba yeye ni mgeni ndani yake. Jirani zetu wa Illinois ndio wanaoongoza Marekani kwa kilimo cha maboga, na mji wao wa Morton hujiita makao makuu ya maboga duniani, kwa hiyo hata ramani ya karibu ilikuwa na jambo la kueleza.

Kwenye hisabati, kila kundi la watoto wanne lilipewa boga moja, uzi, rula na mizani. Kwanza wanakisia, kisha wanapima. Usiruhusu mtoto apime kabla hajaandika kisio lake, maana kukisia ndiko kunakomfanya afikiri. Wanapima uzito kwa pauni na kwa kilo, na hapo watoto waliotoka Afrika, ambao kilo wanaijua, huwa walimu wa wenzao. Wanazungusha uzi kwenye tumbo la boga, wanaukata, kisha wanaulaza mara kwa mara juu ya upana wa boga lilelile. Kila kundi hupata jibu lilelile: unaingia mara tatu, na kipande kidogo kinabaki. Boga likiwa kubwa, mara tatu na kipande. Likiwa dogo, mara tatu na kipande. Sikuwatajia pai, yaani idadi ya mara ambazo upana wa duara huingia katika mzunguko wake, kwa kuwa wataisoma miaka ya mbele, lakini watakapoisoma watakuwa wameshaigusa kwa mikono yao. Baada ya hapo tunapasua, tunatoa mbegu, tunazipanga katika mafungu ya kumi kumi na ya mia mia. Karibu kila mtoto huamini kwamba boga kubwa ndilo lenye mbegu nyingi, na mwaka huu boga dogo kuliko yote liliyashinda mengine. Bishano lililofuata lilikuwa la kisayansi kweli.

Sayansi ya majani nayo isikupite, kwa sababu Oktoba ya Iowa ni maabara ya bure. Klorofili ndiyo inayolipa jani rangi ya kijani. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kuitengeneza na iliyopo huvunjika, ndipo rangi za manjano na chungwa, ambazo zilikuwamo humo humo muda wote, zinapoonekana. Wekundu ni habari nyingine: rangi hiyo hutengenezwa upya na jani lenyewe wakati huu, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake. Kulithibitisha hili ni rahisi. Chana majani mabichi vipande vidogo sana, yatie kwenye glasi, mimina spiriti ya dukani kiasi cha kuyafunika, kisha weka glasi ndani ya bakuli la maji ya moto kwa nusu saa au zaidi hadi spiriti igeuke kijani. Spiriti ishikwe na mwalimu, mbali kabisa na moto. Chovya ncha ya ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa na usubiri. Rangi hupanda taratibu, na juu ya mstari wa kijani hujitokeza mstari wa manjano, kutoka kwenye jani ambalo watoto wameapa kwamba ni la kijani tupu. Mvulana mmoja aliutazama ukanda wake, akaniuliza kama majani ya mwembe wa babu yake nayo yana manjano ndani. Nilimwambia ndiyo, yanayo.

Urefu wa mchana ni somo jingine linalotupendelea sisi. Tangu Agosti watoto wangu huandika saa za kuchomoza na kuzama kwa jua mjini Des Moines, na pembeni huandika za Dar es Salaam. Hapa mchana hushuka kutoka takribani saa 15 mwezi Juni hadi saa 9 na kidogo mwezi Desemba. Dar es Salaam tofauti ya mwaka mzima haifiki hata saa moja. Ukichora grafu mbili hizo kwenye karatasi moja, moja inateremka kama mlima na nyingine imelala. Hapo mwinamo wa dunia unaeleweka bila maneno mengi, na watoto wa nyumbani wanaelewa pia kwa nini sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza na utaratibu huo haututupi mwaka mzima.

Kuhusu popo, wiki ya mwisho ya Oktoba huadhimishwa kama wiki ya popo, na hutapata nafasi nzuri kama hiyo ya kumtoa mnyama huyu kwenye mapambo ya kutisha na kumrudisha kwenye sayansi. Spishi zake zinazojulikana zimepita 1,400, naye ndiye mamalia pekee anayeruka kweli. Mimi huwaeleza habari za popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani, anayekula matunda na kusambaza mbegu msituni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka, kisha idadi yake ikapanda tena baada ya wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, kuamua kumlinda. Watoto huandika insha ya kumtetea popo, na hilo ndilo somo letu la lugha.

Pipi, michoro na nyimbo sitazieleza. Kila mwalimu anazijua.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitalipitia juu juu. Wachawi hawaingii darasani kwangu, si kama mapambo, si kama vazi. Walimu wa Kimarekani wengi hudhani kwamba ni ukali wa dini. Sivyo. Katika nchi tulizotoka, wako vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, na wako watoto wa Kinshasa waliofukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi. Mtoto anayebeba habari kama hizo nyumbani kwake hawezi kuchekeshwa na kofia yenye ncha. Kama unafundisha sekondari, wafundishe Salem: mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kule Massachusetts kwa tuhuma za uchawi, na mwaka 1711 serikali ya koloni ikalipa fidia kwa familia za wengi wao. Wanafunzi waone kwamba ugonjwa huo haukuwa wa Afrika peke yake, na kwamba jamii inaweza kukiri na kufidia. Mwalimu mwenzangu, usikubali mtu akuambie kwamba unalikuza jambo. Wewe ndiye uliyeajiriwa kuwajua watoto hao, na kama wewe unayezungumza lugha yao hutawasemea, usitegemee kwamba atatokea mwingine wa kuwasemea.

Basi ndugu yangu wa Kentucky, fanya hivi. Waandikie wazazi barua mapema, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukieleza kila shughuli na somo lake, na uandike wazi kwamba hakuna ibada wala maigizo ya mapepo. Mzazi hukataa asichokijua. Barua yangu ya mwaka huu ilirudi na sahihi zote. Mpelekee mkuu wa shule mpango wenye malengo ya masomo, kwa kuwa mkuu hawezi kukataa hisabati. Kuhusu gwaride la mavazi, mwombe darasa lako liandamane na kazi zake badala ya vinyago: mtoto abebe grafu, mwingine ukanda wa rangi za majani, mwingine mabawa ya popo aliyoyapima kwa rula. Asiyetaka kuandamana awe mpokeaji wa wageni mezani, na kazi hiyo ipewe pia watoto wawili watatu wasio na pingamizi lolote, ili mtu asionekane ametengwa.

Na usinunue maboga yote sasa. Kuanzia tarehe 1 Novemba maduka huyauza kwa bei ya kutupa, na wakulima wengine huyagawa bure. Utahitaji moja la kufungia ndani ya chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kifuniko kikiwa kimebanwa kwa utepe wa gundi ili ukungu usiwadhuru wenye pumu, na watoto waandike kila Ijumaa jinsi linavyooza hadi likizo ya Krismasi.