Kuzungusha hauzingi ya tabo ili paipu za intakula zipite kirahisi

SWALI: Habari fundi. Nimefunga intakula (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo) ya mbele, nyuma ya bampa, shida ni kwamba mdomo wa tabo unaotoa hewa umeangalia juu halafu nyuma, kwahiyo paipu inabidi ipande, igeuke, ipite juu ya injini ndo ishuke mbele. Nimeishia na kona nne na hozi kibao, moja inachomoka kila nikikanyaga mafuta. Jamaa kaniambia naweza kuizungusha hauzingi ya tabo iangalie chini. Ni kweli? Na presha ya tabo haitapungua?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Jamaa yako kasema kweli, na kwa hali uliyoieleza ndicho ningefanya kabla hujanunua kona nyingine. Presha haipungui kwa sababu ya kuzungusha, maana unageuza hauzingi, yaani ganda zima la upande wa hewa, kuzunguka feni ileile ya tabo, njia ya hewa ndani haibadiliki hata kidogo. Na mdomo wa kuvuta hewa kutoka kwenye filta uko katikati kabisa ya mzunguko kwahiyo unabaki palepale, kinachohama ni mdomo wa kutoa tu.

Sasa elewa tabo yako ina vipande vitatu, upande wa ekzosti uliofungwa kwenye manifoldi, katikati katriji yenye beringi na shafti, halafu upande wa hewa, ile hauzingi ya alumini yenye umbo la konokono. Wewe unagusa huo wa hewa tu. Katriji iache ilivyo kama oili inaingilia juu na kutokea chini, kwa sababu oili inayotoka kwenye beringi haisukumwi na pampu, inadondoka yenyewe kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na inatoka ikiwa na povu, kwahiyo tundu la kutokea liangalie chini, likipinda lisizidi kama digrii 30 hadi 35 kutoka wima. Naona watu wanazungusha katriji ili paipu ikae vizuri, halafu baada ya muda gari inatoa moshi wa bluu wanasema sili za tabo zimekufa, kumbe sili hazina kosa, oili imekosa pa kwenda ikajaa ndani ikapenya kwenye feni.

Kuilegeza kunategemea tabo. Nyingi za Garrett zina bolti kuzunguka na vibati vidogo vinavyobana, za Mitsubishi kama TD05 zina saklipi moja kubwa (pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji), nyingine zina klampu ya duara. Piga picha kabla ya kugusa chochote, kwenye saklipi angalia upande wenye mteremko umetazama wapi maana ukiigeuza haitakaa sawa kwenye mfereji wake, na vaa miwani, ile ikiruka inaruka kweli. Chora mstari kwa maka kutoka kwenye hauzingi hadi kwenye katriji ujue ulipoanzia. Kama imeganda weka oili ya kulegezea uiache ikae, kisha gongagonga taratibu kwa nyundo ya mpira huku unazungusha kwa mkono. Usichokoe kwa bisibisi, na kama unaitoa kabisa ivute imenyooka, kwa sababu nafasi kati ya mapanga ya feni na ukuta wa hauzingi ni ndogo mno, na panga likichomoka ncha au likipinda kidogo tu balansi imeharibika kwenye kitu kinachozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nati iliyo kwenye ncha ya feni usiiguse, haihusiki hapa.

Kuna tabo zina kipini kidogo kati ya hauzingi na katriji kinacholazimisha pozi moja, ukiona haizunguki wakati bolti zote zimelegea usiilazimishe, chungulia kipini kwanza.

Sasa sehemu inayowatesa watu, na hapa naomba usome polepole, ni akchueta ya westigeti, yaani kile kikopo chenye fimbo kinachofungua na kufunga kifuniko cha kupitishia moshi pembeni upande wa ekzosti ili presha isizidi. Mara nyingi breketi yake imefungwa kwenye hauzingi hiyohiyo unayotaka kuizungusha, wakati kile kimkono inachokivuta kiko upande wa ekzosti ambao hauhami. Ukizungusha, kopo linahama na kimkono kinabaki, fimbo inaingia kwa pembeni, inakwama au inakiinamisha kimkono na kile kifuniko ndani hakifungi vizuri. Hapo ndo utaona presha imepungua na utalaumu kuzungusha, kumbe ni fimbo. Ikikwama imefunga ni mbaya zaidi, presha inapanda bila breki na injini inaweza kufa.

Kwahiyo kabla hujachagua digrii, hesabu bolti za hauzingi. Kama ziko 6 zilizogawanyika sawa, kila hatua ni digrii 60, kama 8 ni digrii 45. Ukizungusha kwa hatua kamili, matundu yanaangukia palepale yalipokuwa mwanzo, kwahiyo breketi unaihamishia tundu la jirani inarudi mahali pake pa kiwanda na fimbo inabaki imenyooka bila kukata wala kuchomelea kitu. Mi nikiwa na uchaguzi kati ya pembe inayopendeza na pembe ya hatua kamili nachagua ya hatua kamili, hizo digrii zilizobaki inamaliza hozi ya silikoni yenye kona. Kama breketi inashika kwenye masikio maalum yaliyopigwa kwenye hauzingi, basi hamna ujanja, itabidi utengeneze breketi mpya ya bati nene isiyotikisika.

Ukimaliza, fimbo ikiwa haijafungwa inatakiwa iwe fupi kidogo kuliko kimkono kilipo, uivute milimita chache ndo iingie, hiyo ndo inabana kifuniko. Ikiwa haina mvuto kifuniko kinafunguka mapema na gari inakuwa nzito, ikizidi mvuto presha inapitiliza. Kama una pampu ya mkono yenye geji pima presha ambayo fimbo inaanza kusogea KABLA hujafungua chochote, uandike, halafu urudishe ileile. Kihozi kinacholeta presha kwenye akchueta nacho kinatoka kwenye hauzingi mara nyingi, hakikisha kinafika bila kujikunja.

Ila kama tabo yako ni ile ya mapanga yanayojigeuza, ambazo zipo sana kwenye dizeli, na akchueta yake ni ya umeme, usiende kwa njia hii peke yako, ule mpangilio wa fimbo na skrubu ya kikomo umepimwa kiwandani, ukivurugika gari inawasha taa na kukosa nguvu.

Kuhusu paipu zenyewe, usikadirie kwa macho. Kama uliishusha tabo, irudishe kwenye manifoldi ukiwa umeibana hauzingi kwa bolti mbili tu, ning'iniza intakula mahali pake, zungusha mpaka upate njia, angalia feni ya rejeta, angalia usikaribie bomba la ekzosti, chora mstari mpya ndo ushushe ufunge kwa uhakika na oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa) mpya iliyopakwa oili kidogo. Baada ya kukaza zungusha feni ya tabo kwa kidole, ukisikia hata mkwaruzo mdogo fungua upya. Acha angalau kiungo kimoja cha hozi laini karibu na injini kwa sababu injini inatikisika na intakula haitikisiki.

Hiyo hozi inayochomoka sasa hivi, nina hakika mwisho wa paipu hauna ukingo ulioinuka au ndani kuna oili. Paipu laini bila ukingo haishiki hata ukaze klampu mpaka ikatike. Inua ukingo, futa kwa spiriti ikauke, tumia klampu pana zenye bolti. Kabla ya kuwasha zungusha injini kwa stata bila kuiruhusu iwake mpaka oili ifike kwenye tabo, na kabla ya kwenda barabarani ziba mdomo wa kuvuta hewa, ingiza upepo taratibu usiozidi presha unayotumia kila siku, mwagia maji ya sabuni kwenye kila kiungo uangalie wapi panatoa mapovu.