Ami, Wazungu Wanatuona Wezi

Wiki iliyopita nimeletewa ujumbe na kijana wa Malindi anayeuza vinyago na safari za bahari pale ufuoni. Mgeni wa hoteli moja alipoteza simu, na askari wa hoteli wakampiga marufuku kijana huyu kukanyaga mchanga wa mbele yao, ingawa siku hiyo alikuwa Watamu. "Ami," ameniandikia, "wazungu wanatuona wezi. Wenzangu wanasema kama jina nishalibeba, heri niibe kweli. Wewe ulofanikiwa nishauri."

Hilo neno "ulofanikiwa" lilinichekesha peke yangu gatini, lakini sitalikataa. Mwezi jana nimemaliza kulipa deni la mashua yangu. Tanga langu, injini yangu, leseni ina jina langu. Ila asidhani nilifika hapa kwa njia iliyonyooka.

Mwaka 2011 nilikuwa mtoto wa ufuo hapa Shela, kisiwani Lamu. Chombo sikuwa nacho. Kazi yangu ilikuwa kutafuta wageni, kuwatia kwenye mashua za watu, kuwapeleka Takwa kuona magofu au Manda Toto kuzamia, kisha kula kamisheni. Nilizungumza Kitaliano cha kuokoteza na Kiingereza cha kujisifia. Mama akinisihi niende Matondoni kwa mjomba nikajifunze kutengeneza vyombo. Nikimcheka. Mimi na mikono ya kunuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo?

Tarehe 11 Septemba mwaka ule watu wenye bunduki wakavamia Kiwayu, kaskazini yetu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumchukua mkewe hadi Somalia. Tarehe 1 Oktoba wakaja Ras Kitau, wakamchukua Marie Dedieu, bibi wa Kifaransa aliyekuwa akitembea kwa kiti cha magurudumu. Alifia huko mikononi mwao. Ras Kitau waiona kwa macho ukisimama Shela, ni mkondo tu wa maji baina yetu. Kabla mwezi haujaisha jeshi la Kenya lilikuwa limevuka mpaka, na huku kwetu wageni walikuwa wamekwisha. Msimu ndio kwanza unafungua, sisi tunafunga. Na kila kijana mwenye kujua mikondo ya maji akawa anatazamwa kwa jicho la pembeni, kana kwamba sisi ndio tuliowafungulia mlango.

Nina kinyongo changu, sitaki kukificha. Kiwanja cha bibi yangu kiliuzwa kabla sijazaliwa, kwa pesa ambazo leo hazinunui injini. Juu yake pana jumba lenye bwawa la kuogelea, na mwenyewe huja wiki tatu kwa mwaka. Punda wetu wakipita ukutani analalamika. Ukiwa na njaa, mambo kama hayo yanakulia moyoni.

Basi Februari 2012 rafiki yangu wa ufuo alinijia na watu wawili nisiowajua. Walikuwa wakiitaka nyumba ya mzungu mmoja ambaye nilikuwa nikiwapeleka wageni wake baharini. Yuko lini? Askari wangapi? Sefu iko chumba gani? Mmoja akapandisha shati kidogo nikaona bastola. Nikasema sijui.

Wengi wangeishia hapo wakajipongeza. Kweli ni kwamba nilijua yote waliyoyauliza, na usiku ule nililala nikipiga hesabu ya fungu langu. Asubuhi njaa ilikuwa ile ile na hesabu ile ile. Sikuwaambia wale watu kitu. Lakini pia sikumwambia yeyote mwingine.

Waliingia baada ya siku nne. Mwenye nyumba alikuwa kwao Ulaya, salama usalimini, na vitu vyake alivikatia bima. Aliyekuwepo ni mzee mlinzi, mwenye rungu na tochi tu, mzee aliyekuwa akinipa kahawa tungu kibarazani na kuniuliza hali ya mama. Walimpiga kwa kitako cha bastola. Jicho la kushoto halioni hadi leo. Tukisema tunawakomoa wazungu, huyo ndiye tuliyemkomoa.

Kisha wakanikamata mimi. Mwenye nyumba alisema kwa simu kwamba lazima ni "yule kijana wa mashua". Bwana huyu alishakula biriani ya mama kwenye mkeka wetu. Nililala seli siku mbili, nikaachiwa bila kosa na bila samahani. Mpaka leo akinipita uchochoroni husema "Jambo!" kama hakijatokea kitu. Mimi huitikia. Bado inaniuma.

Nilivuka kwenda Matondoni wiki hiyo hiyo. Miaka iliyofuata haina la kusimulia: misumari, pamba, kalafati, harufu ya sifa isiyotoka hata kwa sabuni ya mzungu. Lakini Juni 2014, Mpeketoni, bara ya Lamu, iliposhambuliwa na watu zaidi ya hamsini wakauawa, na Julai kafyu ikatukuta ndani ya Ramadhani, wenzangu wa Shela waliuza simu zao. Wavuvi nao walizuiwa bahari ya usiku, na usiku ndio riziki ya wengi wao. Mimi nilikuwa na mashua tatu juu ya magogo zikinisubiri. Chombo kinachovuja hakijali kafyu.

Kwa hiyo kijana wangu, shika kazi ya pili. Nasema tena, shika kazi ya pili, isiyomtegemea mgeni. Watalii ni kama bamvua, leo maji yako mlangoni, kesho wazikwa na matope. Pia jiandikishe, uwe na leseni, beba kitambulisho, na kila unayemchukua mwandikie risiti yenye saa na tarehe. Ningekuwa na daftari kama hilo 2012, seli nisingeilala. Hoteli ile usiirudie kugombana na askari. Yeye mwenyewe ni mtoto wa mtu, na pengine analipwa pungufu kuliko unavyopata kwa kinyago kimoja.

Na huyo mwenzio anayekwambia heri uibe, atakapokuja na watu usiowajua, usiseme "sijui" ukaenda kulala. Vijana wa siku hizi mwadhani kunyamaza ni usafi. Nenda kwa mzee wa mtaa, nenda msikitini kwa imamu, mwambie hata mama yako. Sema usiku huo huo. Mimi najua bei ya kunyamaza, ila sikuilipa mimi.

Yule mzee yu hai. Ijumaa baada ya swala humpitia na kilo ya samaki, naye huniombea dua kwa wema wangu. Miaka yote hii hajui kwamba nilikuwa na siku nne. Mjukuu wake husoma ninayoyaandika hapa, kisha humsomea.