Saratani ya mapafu: namna ya kuyasoma majibu ya damu

Karatasi ya majibu ikishafika mkononi, kabla ya namba tazama kizio. CRP, protini ya damu inayoonyesha mwili unapambana na jambo, kwa kawaida huandikwa kwa mg/L, lakini maabara nyingine hutoa kwa mg/dL, na 4.8 ya huku ni 48 ya kule. Wako waliofurahi bure.

CRP hupanda mwili unapopambana na chochote kile: nimonia, kifua kikuu, hata jino bovu. Ikisoma 60 haijataja saratani. Aliyekohoa wiki mbili hapa Tanga aanze na makohozi na eksirei ya kifua. Makohozi yakiwa safi na doa likabaki palepale baada ya dawa, ndipo CT skani na kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa kupimwa. Kinyama ndicho kinachoupa ugonjwa jina. Damu haina uwezo huo.

Kwenye picha nzima ya damu, gawa neutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe: 6.8 kwa 1.7 ni 4. Kwa mwenye saratani iliyokwisha thibitishwa, kadiri namba hii inavyopanda ndivyo hali inavyoelekea kuwa nzito. Ila kama anameza prednisoloni, hesabu hiyo iache. Dawa yenyewe hupandisha neutrofili.

Kisha CEA, CYFRA 21-1 na NSE, vipimo vya damu viitwavyo alama za saratani. Mvuta sigara anaweza kuzidi kidogo 5 ng/ml ya CEA bila uvimbe wowote. Msumbufu hasa ni NSE, inayopimwa zaidi kwa saratani ya seli ndogo, aina mojawapo ya saratani ya mapafu. Imo pia ndani ya chembe nyekundu. Zikipasuka inamwagika kwenye seramu, majimaji yanayobaki damu ikiganda, na jibu linapanda kwa uongo. Damu ya kupelekwa Dar es Salaam iachwe igande, izungushwe kwenye mashine, na seramu itengwe hapahapa ndani ya saa moja, ndipo isafiri na barafu. Ichungulie: seramu nzuri ina manjano ya mafuta ya alizeti. Ukiona wekundu wa juisi ya choya, omba damu itolewe upya. Damu nzima kwenye basi, joto la kaskazi, ni nauli iliyopotea.

CEA ya 18, 11, 7 kwa vipimo vinavyofuatana inasema mengi kuliko 7 peke yake, mradi zote zimetoka maabara moja, mashine ileile. Wiki za mwanzo za dawa za saratani inaweza hata kupanda kwanza, seli zinapokufa, kwa hiyo jibu moja lisimkatishe mtu dozi. Wala CEA ya 2 isimtoe kwenye foleni ya CT skani: wapo wenye uvimbe mkubwa na CEA yao imetulia tuli.